Somo: Kuficha jiokashi ukingoni mwa Menengai

Jiokashi ni mkebe unaofichwa, koodineti zake (namba zinazoonyesha mahali ulipo) zikatangazwa, watu wakausaka kwa GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali. Mchezo huu ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS ya raia. Njia ya ukingoni mwa kreta ya Menengai, juu ya Nakuru, inaufaa sana. Ila kuna genge, yaani mteremko mkali wa mwamba, kwa hiyo hatua ya pili isomeni mara mbili.

1. Omba ruhusa. Msitu wa Menengai uko chini ya KFS, Shirika la Huduma za Misitu Kenya. Zungumza nao kabla ya kuacha chochote.

2. Chagua mahali. Penye uwazi simu hukosea mita 3 hadi 5, chini ya miti zaidi. Ukikosea 5 na msakaji akakosea 5, atapekua hadi mita 10 kutoka kwenye mkebe, macho yakiwa kwenye skrini. Duara hilo lote liwe kwenye ardhi salama. Kwa hiyo ficha mita 20 au zaidi kutoka ukingoni, upande wa pili wa njia, ili anayeutafuta aligeuzie genge mgongo. Usichimbe shimo. Jiokashi nyingine iwe mbali angalau mita 161.

3. Andaa mkebe. Chukua wenye klipu nne na mpira kwenye kifuniko. Wa majarini haufai: jua hupinda kifuniko, na mvua ya Aprili huingia yote. Weka daftari ndani ya mfuko wa zipu, pamoja na penseli, kwa sababu wino huchuruzika karatasi ikilowa. Chakula marufuku, siafu na wanyama watakutangulia. Nje andika wazi kwamba ni jiokashi, mtu asije akadhani ni kitu cha hatari.

4. Pima. Laza simu juu ya mkebe dakika 3, andika, ondoka hatua 30, rudi upime tena. Fanya hivyo mara tatu, uchukue wastani. Hapa karibu na ikweta, sehemu moja ya elfu ya dakika (dakika ya digrii, yaani 1/60 ya digrii, si ya saa) ni karibu mita 2, kwa latitudo na longitudo vilevile.

5. Andika koodineti kwa digrii na dakika. Simu ikionyesha −0.235, zidisha 0.235 kwa 60 upate dakika 14.1, yaani S 0° 14.100' (alama ya kutoa ni kusini, S; kaskazini ni N). Ongeza dokezo fupi, kama "chini ya jiwe lenye ufa".

MASWALI

Mwanachama, Njoro: Niko langoni, simu inasema bado kilomita 50. Kwa nini?
Jibu: Umeingiza N badala ya S, ndugu. Kosa hilo linakupeleka karibu na Ziwa Bogoria. Ukifanya hivyo Kisumu utapotea kama kilomita 20 tu, maana ikweta iko karibu zaidi.

Mwanachama, Kisumu: Bila bando itafanya kazi?
Jibu: Ndiyo. GPS haitumii intaneti, ramani ndiyo huitumia. Pakua ramani na dokezo ukiwa mjini.

Mwanachama, Nakuru: Nikikaribia, mshale unazungukazunguka.
Jibu: Ndani ya mita 5 simu haijui tena uelekeo. Iweke mfukoni, simama, kisha tafuta kwa macho: mawe yaliyopangwa isivyo kawaida, majani makavu juu ya mabichi. Dokezo likikuelekeza ukingoni, acha kusaka, umwandikie aliyeficha auhamishe mkebe.