Duka la vyakula mtandaoni: anza na rafu, tovuti baadae

Watu wengi wakitaka kuuza vyakula mtandaoni wanakimbilia kutengenezewa tovuti, hela inatoka, oda ya kwanza inaingia halafu mteja anaambiwa "samahani imeisha", na huyo ndo humwoni tena.

Mi nasema anza na stoku. Google Sheets ni bure, andika jina la bidhaa, kiasi kilichopo na tarehe ya kuisha muda, halafu panga kwa tarehe. Kila asubuhi vinavyokaribia kuharibika utaviona juu kabisa, hivo ndo vya kuposti siku hiyo kwa bei iliyoshushwa kabla havijakuozea. Na usiuze kwa kufata mzigo ulioingia kwanza, mzigo wa jana unaweza ukaisha muda kabla ya wa wiki iliyopita.

Ukizoea hamia kwenye msimbopau, ile mistari ya kwenye pakiti, hata kamera ya simu inaisoma. Kwa bidhaa unazopima na kufunga mwenyewe usijitungie namba ovyo, zile za tarakimu 13 zinazoanza na 20 mpaka 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka, hazitagongana na za kiwandani.

Katalogi weka WhatsApp Business, na duka lako lisajili kwenye Google na masaa sahihi ya kufungua (sikukuu pia, hapa wengi wanasahau). Kama unauza vitu maalumu, piga picha na lebo ya nyuma isomeke, mtu mwenye mzio wa karanga hana shida na picha yako nzuri ya mbele, anatafuta viambato.

Kasheshe iko kwenye vya kupima. Mteja kaagiza jibini gramu 500, kisu kimekata 540, je nani analipa hizo 40? Malizaneni mapema: mwambie bei ya mwisho inatoka baada ya mzani, pima, mtumie picha ya mzani, ndo alipe. Na pale pale anapoagiza muulize kitu kikikosekana umuwekee kipi au uache, usimchagulie we mwenyewe, maziwa yasiyo na mafuta na yenye mafuta kwako ni maziwa tu, kwake sio.

Oda ikiwa tayari funga vikavu kwanza, vya baridi viache kwenye friji mpaka bodaboda awe mlangoni kabisa, sio akikwambia "nimefika" kwenye simu.