Kuhariri Video ya Muziki ya Wanafunzi: Kata Kwanza, Madoido Baadaye

Mwanafunzi anayefungua programu ya kuhariri kwa mara ya kwanza huvutwa na moshi, miale na maandishi yanayoruka kabla hajaamua picha ipi ifuate ipi. Utaratibu unaopendekezwa hapa ni kinyume cha huo: video ikatwe mpaka iweze kutazamika ikiwa tupu, bila doido hata moja, ndipo madoido yaongezwe pale tu ambapo wimbo wenyewe unayadai.

Programu si jambo la kubishania sana. Toleo la bure la DaVinci Resolve lina sehemu za kukata, kusahihisha rangi, kusawazisha sauti na kutengeneza madoido katika dirisha la Fusion. Kdenlive ni programu huria inayotosha kabisa kwa kazi ya kukata, na Blender, nayo ya bure, hufaa pale unapotaka kitu cha pande tatu kiingie ndani ya picha. Iwapo kompyuta inakwamakwama, tengeneza nakala nyepesi za klipu uhariri kwa hizo. Wakati wa kutoa video ya mwisho, iagize programu irudi kwenye klipu asilia.

Klipu za simu zinahitaji uangalifu wa pekee. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) inayobadilikabadilika kila sekunde, jambo linaloweza kuifanya midomo ianze sawasawa na wimbo kisha iachane nao kidogo kidogo kadiri ubeti unavyosonga. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha faili za video, na uchague idadi isiyobadilika, mathalani fremu 25 kwa sekunde, ambayo pia ndiyo utakayoiweka kwenye mradi wako.

Kitu cha kwanza kuwekwa kwenye mstari wa muda ni wimbo, katika toleo lake la mwisho lililokwisha kuchanganywa, na ikiwezekana katika faili la WAV, yaani la sauti isiyobanwa. Ukishauweka, ufunge usisogee tena. Ikiwa mwimbaji alifuatisha wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye spika, ile sauti mbovu iliyonaswa na kamera isifutwe mapema, kwa sababu programu nyingi zinaweza kulinganisha mawimbi yake na yale ya wimbo na kuzipanga klipu mahali pake. Hata hivyo kagua kwa macho. Tafuta neno lenye herufi inayofunga midomo, yaani b, m au p. Katika neno kama «baba», midomo hubanwa kabisa kisha huachia, na fremu ile ya kuachia ndiyo inayopaswa kukaa juu ya mshindo wa herufi hiyo kwenye wimbo. Fremu moja hapa ni milisekunde 40, na tofauti ya fremu 3 au 4 inatosha kumfanya mtazamaji ahisi kwamba mwimbaji anaigiza. Kamera ikiwa mbali na spika kwa mita 14 hivi, sauti huifikia ikiwa imechelewa takribani fremu nzima, kwa hiyo klipu za mbali ndizo za kutiliwa shaka zaidi.

Baada ya hapo sikiliza wimbo na uweke alama kwenye midundo mikuu, mwanzo wa kila ubeti na kila kiitikio. Usitegemee hesabu ya fremu peke yake: wimbo wa midundo 120 kwa dakika una mdundo kila nusu sekunde, ambazo ni fremu 12 kamili katika video ya fremu 24, lakini ni 12 na nusu katika video ya fremu 25, na nusu hizo zikijumlishwa mkato hutoka nje ya mdundo. Wala si kila mdundo unastahili mkato. Video inayokatwa kwa kila pigo la ngoma huchosha kabla ya kiitikio cha pili. Ni afadhali ubeti uachwe na picha ndefu, kasi iongezeke kwenye kiitikio, na mikato michache iangukie mwisho wa mstari wa maneno.

Sasa madoido. Moshi, cheche na vumbi vilivyorekodiwa juu ya mandhari nyeusi ni rahisi kuliko vinavyoonekana: viweke kwenye tabaka la juu na uchague namna ya kuchanganya inayoongeza mwanga, nayo nyeusi itatoweka kwa sababu haina mwanga wa kuongeza. Kamera ikiwa inatembea, fuatilia kwanza mwendo wa nukta inayoonekana wazi kwenye picha, kisha ulifungamanishe tabaka na mwendo huo, la sivyo moshi utaelea.

Skrini ya kijani, ile inayowekwa nyuma ya mwimbaji ili baadaye kijani kiondolewe na mandhari nyingine iingie, ndiyo inayoumbua wengi, na mara nyingi kosa hutokea siku ya kupiga picha. Skrini iangazwe sawasawa pande zote, na mwimbaji asimame mbali nayo, walau mita 2, ili kijani kisimrudie mabegani. Kuna sababu nyingine ya kingo mbaya: kamera nyingi za simu huhifadhi kipimo kimoja tu cha rangi kwa kila pikseli 4, kwa hiyo ukingo wa nywele unaouona ukiwa mkali kwa mwangaza una rangi iliyovurugika. Usijaribu kuuondoa kijani chote kwa mpangilio mmoja. Tengeneza tabaka la mwili lenye kingo kali, na jingine la nywele pekee lenye kingo laini, kisha zungushia maski, yaani mchoro wa mpaka unaoficha sehemu ya picha, kukata vyote visivyohitajika. Ondoa ukijani uliobaki kwenye ngozi, ififishe kidogo mandhari mpya, na hakikisha mwanga wake unatoka upande uleule unaomwangaza mwimbaji. Macho hugundua kasoro hiyo haraka kuliko nyingine yoyote.

Rangi husahihishwa klipu kwa klipu kabla ya kuunganisha tabaka, halafu mwonekano wa pamoja hupakwa juu ya video nzima mwishoni. Kuhusu mimweko ya taa, isizidi mitatu kwa sekunde, kwani baadhi ya watazamaji wenye kifafa hudhurika nayo.

Toa video kwa H.264, ambayo ni namna ya kubana video, pikseli 1920 kwa 1080, kwa fremu zilezile za mradi. Kwa ukubwa huo YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde, ikiwa fremu hazizidi 30. Itazame yote kwenye simu na kwenye skrini kubwa kabla ya kuipakia, na kama wimbo si wenu, ruhusa ya mwenye haki iwe imepatikana kwa maandishi kabla ya hatua hiyo.