Kabla hujampeleka mzee kupima mshipa mkubwa wa tumboni

Watu wengi wakisikia altrasaundi akili inaenda kwenye mimba tu, kumbe kuna ya kuangalia aota, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ukashuka umelalia uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, pale unagawanyika kwenda miguu yote miwili. Njiani unatoa matawi ya ini, utumbo, figo. Upana wake kawaida ni kama sm 2, ukifika 3 umevimba, na mara nyingi unavimba chini ya matawi ya figo bila kuuma popote. Einstein, yule mwanasayansi, alifanyiwa operesheni ya uvimbe huohuo 1948, ukaja kupasuka 1955 akafa.

Sasa maandalizi, adui namba moja ni gesi. Altrasaundi haipiti kwenye hewa, kwahiyo utumbo ukijaa gesi daktari atapaka jeli na kukandamiza weee asione kitu, mnaambiwa mrudi siku nyingine na nauli imeshaenda. Jana yake maharage, kabichi na soda aachane navyo, na asile masaa kama 6 hivi kabla, ila fuateni walivyowaambia hukohuko mnakopimia. Asubuhi hiyo bigijii na sigara hapana, anameza hewa. Dawa ya presha anywe kama kawaida na maji kidogo, kufunga chakula siyo kufunga dawa jamani! Kama ana kisukari ulizeni mapema kuhusu insulini au vidonge vyake, na ombeni awe wa kwanza asubuhi.

Mwulizeni pia kabla hamjatoka: alivuta sigara? miaka mingapi, hata kama aliacha zamani. Baba au kaka zake kuna aliyekuwa na uvimbe huo? Sigara na undugu vina uzito sana hapa, ndo maana Uingereza wanaume wakifika 65 wanaitwa kupimwa hata kama ni wazima.

Akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, anatoka jasho na kutaka kuzimia, hiyo siyo ya kusubiri tarehe wala kumpa dawa ya vidonda vya tumbo, huenda mshipa unapasuka, ni emajensi saa hiyohiyo.

Kama aliwahi kupimwa bebeni ile ripoti ya zamani, wanaangalia uvimbe umekua kiasi gani, kwa wanaume operesheni huanza kuongelewa ukifika sm 5.5. Wakiwatuma siti skani yenye dawa ya kuchomwa sindano, semeni kama ana aleji au shida ya figo.