Mwone samaki akila kabla hujalipa
Ukimtaka Tropheus, samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika ambaye si rahisi kumfuga, mwombe muuzaji amlishe mbele yako, kisha usubiri mpaka uone kinyesi chake. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa ajili ya mwani anaoukwangua kwenye mawe, na maradhi yanayomuua mara nyingi huanzia humo: aliye mzima huikimbilia chembe ya chakula na kuimeza, ilhali mgonjwa huidaka na kuitema, au huburuta uzi mweupe wa kinyesi (ukiuona huo, hata bei ya kutupa isikushawishi). Kipimo hiki hakifai kwa samaki walioshushwa jana, kwani uchovu wa safari humwondolea hamu hata aliye mzima. Weka arubuni, urudi baada ya wiki.