Jinsi ya kuelezea yavuyavu mpya wa Ziwa Tanganyika na kumpa jina

Hakuna ofisi inayotoa kibali cha jina la spishi. Jina huanza kutambulika siku maelezo yake yanapochapishwa kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama. Vibali vya kuomba ni vya utafiti: kwa upande wa Tanzania anzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kwa Kigoma wasiliana mapema na kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi). Maji ya hifadhi ya Mahale yanahitaji ruhusa ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) pia. Kusafirisha sampuli nje ya nchi kuna kibali chake. Usikiache hadi wiki ya safari.

Kabla ya kushangilia, mlinganishe na Limnocnida tanganyicae, yavuyavu ambaye mtaalamu wa wanyama Mjerumani Richard Böhm alimwona ziwani humu mwaka 1883. Huyu gonadi zake (viungo vya uzazi) ziko kwenye ukuta wa mdomo. Zikining'inia kwenye mifereji inayotoka katikati kwenda ukingoni, huenda umemnasa Craspedacusta, jamii nyingine ya yavuyavu wa maji baridi iliyokwisha kuenea nchi nyingi.

Kazi nyingi huharibikia kwenye ndoo. Mteke kwa kikombe, si kwa wavu, maana wavu humchana. Mpige picha angali hai pamoja na rula, uhesabu minyiri na upime mwavuli, kwa sababu akishahifadhiwa husinyaa na rangi hupotea. Mlegeze kwa mentholi kidogo hadi aache kujikunja, kisha mtie kwenye fomalini: sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa 9 za maji ya ziwa, ukiwa umevaa glavu. Wachache watie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, kwani fomalini huiharibu. Ukiwatia wote kwenye ethanoli, umbo la kuelezea hubaki kipande kilichokunjamana.

Katika makala, andika "sp. nov." (yaani spishi mpya), taja sifa zinazomtofautisha na jamaa zake, teua holotaipu moja (sampuli rasmi inayobeba jina) na utaje makumbusho inakotunzwa. Kikosekana kimoja kati ya hivyo, jina laweza kutohesabika. Makala ikichapishwa mtandaoni tu, isajiliwe kwanza ZooBank, rejesta rasmi ya majina ya wanyama, na yenyewe ionyeshe usajili huo. Sharti hili lipo tangu 2012. Usilitaje jina kwenye tasnifu wala bango la mkutano kabla makala haijachapishwa, mwingine aweza kukutangulia.

Kuhusu jina lenyewe, la mahali lenye mwisho wa -ae, kama tanganyicae, halibadiliki hata spishi ikihamishiwa jenasi nyingine. La heshima kwa mwanamume huishia -i, kwa mwanamke -ae. Kujiita mwenyewe hakukatazwi, ila wenzako watacheka.