Gari linagoma kuwaka ukishajaza mafuta? Pima mfumo wa mvuke wa petroli kabla ya kununua spea

Magari yanaingia gereji yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na malalamiko yaleyale: "Fundi, nikitoka sheli tu, kuwaka ni shida. Napiga starta mara tatu nne ndipo linawaka, linatetemeka, halafu linatulia." Wengi wameshabadilisha plagi. Wengine wameshanunua hata pampu ya mafuta, hela imekwenda na ugonjwa uko palepale.

Petroli inatoa mvuke muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Mvuke huo hauachwi utoke nje. Unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo la plastiki lenye mkaa maalumu, yaani kanista, na mkaa unaunasa. Injini ikishapata moto, kompyuta inafungua valvu ndogo ya umeme karibu na manifoldi, yaani bomba la kuingiza hewa kwenye injini, nayo injini inauvuta mvuke ule na kuuchoma. Valvu ikikwama wazi, injini inavuta mvuke hata pale isipotakiwa. Ukijaza tenki, mvuke uliokuwemo unasukumwa kwa wingi, injini inapaliwa. Ndiyo maana gari linagoma ukitoka sheli.

Huku nyanda za juu mfumo huu una kazi kubwa kuliko pwani. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 82 wakati Dar es Salaam ni 101. Hewa ikiwa nyepesi hivyo, petroli inavukiza kirahisi. Gari lililojazwa pomoni Morogoro likapanda Kitonga linafika Ilula tenki limejaa mvuke unaotafuta pa kutokea. Ukifungua mfuniko ukasikia "fsss" ya kutoka nje, hiyo peke yake si ugonjwa.

Kabla ya kuanza: injini ipoe, fanyia kazi mahali penye hewa, na fundi wa kuchomelea asogee mbali. Mvuke wa petroli unashika moto kabla hujauona.

Hatua ya 1: Kwa skana, soma namba za kosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari na uziandike kabla ya kufuta chochote. P0441 ni mvuke kutopita inavyotakiwa. P0443 ni waya au koili ya valvu. P0442 ni uvujaji mdogo, tundu la kama milimita 1. P0456 ni dogo zaidi, kama nusu milimita. P0455 ni uvujaji mkubwa. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayajipimi uvujaji, kwa hiyo taa ya injini kutowaka kusikudanganye. Fuata harufu na tabia ya gari.

Hatua ya 2: Mfuniko wa tenki. Angalia oringi yake kama imepasuka au imekauka, kisha futa mdomo wa tenki, maana vumbi jekundu hukaa hapo na kuzuia mfuniko usishike. Nimekuta mifuniko iliyozungushiwa nailoni. Itoe, weka mfuniko wa gari husika.

Hatua ya 3: Valvu ya kuvuta mvuke. Hapa usiharakishe, kwa sababu ndiyo ninayoikuta mbovu mara nyingi. Washa injini ikiwa baridi, iache kwenye sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta. Chomoa mpira unaotoka kwenye kanista, weka kidole kwenye mdomo wa valvu. Kidole hakitakiwi kuvutwa. Kikivutwa, na sailensa ikatulia ukiwa umeziba, mgonjwa wako umempata.

Zima injini, ifungue valvu. Ivalishe kipande cha mpira safi, puliza kwa mdomo, ila usivute pumzi kupitia hapo. Bila umeme isipitishe hewa hata kidogo. Ipe volti 12 za betri: isikike "tak" na hewa ipite. Koili nyingi zinasoma kati ya omu 14 na 30. Multimita isiposoma kitu, koili imekatika.

Sasa igonge valvu taratibu juu ya kitambaa cheupe. Zikidondoka punje nyeusi kama baruti, huo ni mkaa wa kanista. Kanista imepasuka ndani, na valvu mpya utakayofunga itakwamishwa na punje hizohizo. Badilisha kanista, puliza mipira yote, ndipo ufunge valvu.

Hatua ya 4: Kanista. Inyanyue. Ikiwa nzito na petroli inachuruzika, imezama. Inatokana na kuongeza mafuta baada ya pampu ya sheli kujikata yenyewe. Mwambie mwenye gari waziwazi: pampu ikikata, inatosha.

Hatua ya 5: Tundu la hewa la kanista. Magari ya Usangu na Chunya huziba hapa kwa vumbi, na nyigu hujenga humo kwa udongo. Dalili yake ni tenki kufyonza hewa kwa nguvu ukifungua mfuniko, hata baada ya safari fupi ya tambarare. Safisha, badilisha kichujio kama kipo.

Hatua ya 6: Uvujaji. Mashine ya moshi, inayosukuma moshi ndani ya mfumo ili uone unapotokea, ndiyo njia sahihi, kwa presha isiyofika psi 1, tundu la hewa likiwa limefungwa. Tafadhali sana, usipulize kwa kompresa ya matairi. Utapasua kanista au viungio vya tenki, na tundu moja litakuwa matatu. Angalia hasa mipira ya juu ya tenki na klampu zake.

Kuna wanaoziba mpira kwa boliti na kuliachia gari liende. Kwa kufika nyumbani, sawa. Likiachwa hivyo, harufu ya petroli itarudi, na watoto wanaokaa siti ya nyuma ndio watakaoivuta.

Hatua ya 7: Futa namba za kosa, lakini usitangaze kupona siku hiyohiyo. Magari yanayojipima hufanya hivyo injini ikiwa imelala usiku kucha, na tenki likiwa kati ya kama asilimia 15 na 85. Acha mafuta nusu tenki, washa asubuhi, endesha hadi Uyole na kurudi. Rudia asubuhi mbili tatu, kisha jaza sheli na uwashe palepale kwenye pampu.