Jaribio linalofeli kwa nadra: machaguo ya komandi yanayojieleza

Jaribio la programu linalofeli kwa nadra hunaswa kwa kurudiwa, tena mara nyingi. Zana yangu ya Python, `rudia`, inafanya kazi hiyo kwenye mfumo wa malipo, na wanaoitumia ni wenzangu wa zamu ya usiku. Saa nane usiku hakuna anayefungua mwongozo, kwa hiyo jina la chaguo lazima lijieleze.

Anza na maswali ambayo mtu huyauliza kwa mdomo: mara ngapi? kwa muda gani? likifeli, tuendelee? Kila swali lipate chaguo lake: `--mara 500`, `--muda 20dak`, `--simama-likifeli`. Usifiche maana ya pili ndani ya namba. Katika GoogleTest, zana ya majaribio ya C++, `--gtest_repeat=-1` hurudia bila kikomo. Katika majaribio ya lugha ya Go, `-count=1` ndiyo njia ya kawaida ya kukwepa matokeo yaliyohifadhiwa. Zana zote mbili nazipenda, lakini nani angebahatisha hayo? Andika `--bila-kikomo`, basi.

Muda usio na kipimo ukatae, na ujumbe wa kosa uonyeshe mfano sahihi. Sekunde na saa zote zinaanza na herufi s, ndiyo maana natumia `sek`, `dak` na `saa`. Mtu akitoa `--mara` na `--muda` pamoja, kinachotimia kwanza ndicho kinachosimamisha kazi. Hilo liandikwe kwenye `--help`, juu kabisa, pamoja na mfano wa kunakili.

Ukitumia argparse, maktaba ya Python ya kusoma machaguo ya komandi, weka `allow_abbrev=False`. Bila hivyo, `--mu` inakubaliwa kama `--muda`. Siku ukiongeza `--mufti` au chochote kinachoanza hivyo, skripti za watu zinakwama.

Sehemu ninayoijali kuliko zote ni pale jaribio linapofeli. Chapisha komandi nzima ya kulirudisha kosa lilelile:

`rudia --mbegu 48213 --mara 1 malipo_sambamba`

Mbegu ni namba inayoanzisha bahati nasibu ya jaribio; ikikosekana, mtu anabaki na habari kwamba kuna kosa, lakini hana pa kulishika. Mtumiaji akibonyeza Ctrl-C, mpe hesabu ya mizunguko iliyokwisha.

Mwisho, namba ya kutokea, yaani ile ambayo programu huirudisha inapomalizika: 0 yakipita yote, 1 likifeli lolote, 125 programu isipojengeka. Hiyo 125 `git bisect run`, komandi ya Git inayopima matoleo ya msimbo ili kupata lililoleta kosa, huichukulia kama agizo la kuruka toleo hilo, hivyo zana yako inaweza kumtafuta mkosaji yenyewe usiku kucha.